Yasmin alimkimbia nani? Jibu kwa msomaji wa Wete

*Swali:* Assalamu alaikum. Nilisoma "Vuta n'kuvute" nikiwa kidato cha tano, na tangu hapo nimekirudia kitabu kile kila nikipata nafasi. Hivi karibuni nimeiona filamu yake pamoja na mdogo wangu na nimekasirika kweli. Mwanzo tu, Yasmin anakutana na Denge usiku wa manane, akiwa njiani kupelekwa kuolewa. Kitabuni anamjua Denge baadaye kabisa, baada ya kumkimbia mumewe, Bwana Raza, na kuhamia kwa Mwajuma. Mdogo wangu hajasoma kitabu, ameipenda filamu, na ananicheka: ati mimi nasahihisha mtihani badala ya kutazama. Wana haki ya kugeuza hadithi ya mtu namna hiyo? Na huyu mdogo wangu, akisoma kitabu sasa, atapata ladha yoyote, au ndiyo imeshaharibika?

*Jibu:* Waalaikum salaam, mwanangu.

Sitakuambia "filamu ni filamu, kitabu ni kitabu" halafu nikakuacha hapo. Maneno hayo yanasemwa sana barazani, na wanaoyasema mara nyingi hawajasoma kitabu wala hawajamaliza filamu. Kila mtu anajua kwamba ni vitu viwili. Linalotakiwa kuulizwa ni nini kimepotea hadithi ilipohama na nini kimepatikana, na katika hilo wewe umegusa penyewe hasa, ila umeondoa kidole mapema. Umekasirika kwa kuwa tukio limetolewa pahala pake. Mimi naona lipo kubwa zaidi: tukio likihama, sababu za mambo yanayofuata huhama nalo.

Turudi kitabuni kwanza. Riwaya ya Adam Shafi ilichapishwa 1999, na inatuweka Unguja ya miaka ya 1950, Muingereza yupo bado. Yasmin ni msichana wa Kihindi anayeozwa Bwana Raza, mwenye duka, mwanamume wa umri wa kumzaa. Hakuulizwa anataka au hataki. Ndoa ile haipiti kwa ukurasa mmoja. Tunakaa ndani yake, tunauona upweke wake, tunahamishwa nao mpaka Mombasa, na Yasmin anapoondoka tunajua kwa uzito gani ameondoka. Bukheti wa Mombasa yupo, najua utanikumbusha, lakini Yasmin anaporudi Unguja anamuacha kule kule. Anarudi kwa watu wake, na watu wake wanamfungia mlango. Anayemfungulia ni Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo, upande wa mji wa watu wa hali ya chini, ambaye hana cha kumpa zaidi ya chumba na ukarimu. Denge, kijana aliyesoma Urusi akarudi na siasa zake na polisi nyuma yake, anaingia katika maisha ya Yasmin baada ya hayo yote.

Unaona mpangilio ule unafanya kazi gani? Yasmin ameshapindua utawala wa nyumbani kwake kabla hajasikia hata neno moja la kupindua utawala wa nchi. Hakuna aliyemfundisha. Denge anapokuja na magazeti yake na maneno yake juu ya wanaotawaliwa bila ya kuulizwa, anamkuta mtu anayelijua jambo hilo kwa mwili wake kuliko yeye mwenyewe anavyolijua kwa vitabu. Ndiyo maana mapenzi yao yana heshima. Wengi wanaofundisha riwaya ile huandika ubaoni kwamba Denge ndiye anayemzindua Yasmin. Mimi sikubali, na sijawahi kukubali. Yasmin alikuwa macho siku nyingi, na Denge alimpa majina tu ya vitu alivyokuwa ameshaviona.

Sasa ichukue filamu ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto 2021 na mwaka uliofuata ikapelekwa na Tanzania kugombea Oscar. Pale Denge na Yasmin wanakutana kabla ya ndoa. Kuanzia usiku ule, kila hatua anayopiga Yasmin kuondoka kwa Raza mtazamaji anaitazama huku akijua kwamba kuna kijana mwengine mjini. Basi ana haki ya kuuliza: huyu amemkimbia Raza, au amemkimbilia Denge? Kitabuni swali hilo halina pa kukaa. Kwenye filamu linakaa, hata muongozaji afanye nini, kwa sababu macho ya mtazamaji ni mepesi kuunganisha mambo mawili yaliyofuatana. Hili ndilo ningelikasirikia, na ningelikasirikia kwa niaba ya Yasmin zaidi kuliko kwa niaba ya kitabu.

Lakini kabla hujampelekea mdogo wako ushahidi huu, sikiliza upande wa pili, maana nimekaa na waandishi wa skripti na najua wanavyotaabika.

Filamu ile ina dakika 92. Katika kazi ya skripti kuna kipimo kinachofuatwa karibu dunia nzima: ukurasa mmoja wa skripti ni dakika moja ya filamu. Na ukurasa wa skripti si kama wa riwaya, una nafasi nyeupe nyingi, mistari michache ya maneno, maelezo mafupi ya kinachoonekana. Riwaya ya Shafi imezidi kurasa 250 zilizojaa. Ukimsomea mtu kwa sauti, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, saa saba hazitakutosha. Kwa hiyo anayeandika skripti hakai kujiuliza akate nini. Anajiuliza abakishe nini, na anachobakisha lazima kisimame chenyewe bila ya vile vilivyokuwa vikikishikilia.

Angefuata mpangilio wa kitabu, Denge angetokea labda dakika ya 35 au ya 40. Kitabuni msomaji anasubiri, kwa sababu msimulizi anamshika mkono na kumwambia mambo njiani. Kwenye filamu, mtu asiyeonekana mpaka dakika ya 40 huwa mgeni. Watazamaji wameshakaa na Raza, wameshamzoea, na wengine wameshaanza kumuonea huruma, maskini, mzee wa watu. Ile ingekuwa filamu ya ndoa mbaya iliyoongezewa siasa mwishoni. Haingekuwa "Vuta n'kuvute" hata kama kila tukio lingekuwa pahala pake.

Angeweza kufanya vyengine? Angeweza kuanzia kwa Mwajuma, Yasmin ameshafika na mzigo wake, kisha kuturudisha nyuma kwa mbinu rejeshi, ile mliyoisoma skuli. Kwenye karatasi mbinu rejeshi haina gharama, unaandika "alikumbuka siku ile" na umefika. Kwenye filamu kila kumbukumbu inataka nyumba, nguo, waigizaji, siku za kupiga picha, na ikiwa ni Mombasa basi na Mombasa yenyewe. Angeweza pia kumpa Yasmin sauti ya kusimulia juu ya picha. Hiyo ni rahisi, na kwa maoni yangu ni uvivu katika hadithi kama hii: msichana ambaye hakuulizwa kitu maisha yake yote, halafu anatuelezea kila kitu kwa ufasaha tangu dakika ya kwanza? Ukimya wake wa mwanzo ndio unaofanya usemi wake wa baadaye uwe na nguvu.

Ikabaki njia ya tatu, kuusogeza mkutano. Na hapa niwape haki yao, kwa sababu kukutana kule kwa usiku kuna jambo ambalo kitabu kinalifanya kwa sura nyingi. Bibi harusi anapelekwa asikotaka. Kijana anatembea saa ambazo hataki kuonekana. Wote wawili wako nje usiku kwa sababu mtu mwengine ameamua maisha yao yaendeje, mmoja ameamuliwa na ukoo na mwengine na serikali. Ndoa na ukoloni vimesimamishwa uso kwa uso bila ya mtu kutoa hotuba. Shafi anayajenga hayo polepole, na filamu imeyapata kwa pigo moja. Kama skripti ile ingekuwa mezani kwangu nisingeufuta mkutano, ningepigania tu wasemezane kidogo iwezekanavyo, ili uamuzi wa Yasmin wa baadaye usiwe na deni kwa mtu.

Usidhani ni kwetu tu. Chukua "Half of a Yellow Sun" ya Chimamanda Ngozi Adichie, riwaya ya 2006 juu ya vita vya Biafra nchini Nigeria. Adichie anaipanga kwa kuruka: mwanzo wa miaka ya sitini, kisha mwisho wake, kisha anarudi mwanzo, kisha mwisho tena. Katika sehemu ya pili tunamkuta Olanna analea mtoto na hasemezani na pacha wake Kainene, na hatujui kwa nini. Tunaishi na jambo hilo kurasa nyingi, vita vinapiga, njaa inaingia, na bado hatujui. Sehemu ya tatu inaturudisha nyuma na kutuonyesha. Biyi Bandele alipotengeneza filamu mwaka 2013 alinyoosha kila kitu, mambo yakafuatana kama yalivyotokea. Mtazamaji haulizi tena "kwa nini hawasemezani?" kwa sababu ameshaona. Hakuna tukio kubwa lililoharibiwa, wahusika wapo, vita vipo. Kilichokwenda ni ile hali ya kuwapenda watu ambao huyajui makosa yao bado. Wapenzi wengi wa kitabu wanatoka kwenye filamu ile wakihisi kuna kitu hakipo na hawawezi kukitaja. Wanaanza kuhesabu matukio yaliyokatwa, kama unavyofanya wewe, wakati kilichowaumiza ni mpangilio.

Mdogo wako kama ni wa rika la Harry Potter, mpe mfano wa kitabu cha tatu. Kitabuni ule ufagio mpya, Firebolt, unafika katikati, wakati wa Krismasi, na haujulikani umetoka kwa nani. Mwalimu anauchukua kwa kuhofia uchawi, na marafiki wanagombana kwa ajili yake. Katika filamu ya 2004 ya Alfonso Cuarón unafika mwisho kabisa, zawadi ya kufungia hadithi kwa furaha. Ufagio ni ule ule, lakini kitabuni ni mtego na kwenye filamu ni tabasamu.

Kuna jambo jengine ambalo mtu wa Pemba huenda asilihisi kama sisi tunaopita Darajani kila siku, nalo ni mji wenyewe. Riwaya ile inaishi kwenye mpaka wa pande mbili za mji, Mji Mkongwe upande mmoja na Ng'ambo upande wa pili, na Yasmin kuvuka kwenda kwa Mwajuma ni kuvuka kabila, tabaka na heshima kwa pamoja. Mji Mkongwe upo, tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na ukiondoa nyaya, madishi, viyoyozi na pikipiki, mtu anaweza kupiga picha ya 1955. Ng'ambo ya 1955 utaipiga wapi? Sehemu kubwa ya kati yake ilivunjwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na pale zilipokuwa nyumba za udongo na makuti na vichochoro vya Mwajuma leo yamesimama majumba marefu ya Michenzani, yaliyochorwa kwa ramani za Wajerumani wa Mashariki. Upande ule wa hadithi ambao ndio moyo wake, mji umeshaufuta.

Msomaji hasumbuliwi na hilo. Shafi akiandika "Ng'ambo", wewe unaijenga mwenyewe kichwani, hata kama hujawahi kuvuka bahari kuja Unguja. Muongozaji lazima aionyeshe, na asipokuwa nayo atakwenda vyumbani, vichochoroni, au usiku. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu ya mkutano ule kuwa wa usiku, hilo wanalijua wao. Nasema tu kwamba giza limewahi kuokoa filamu nyingi za zama za kale zenye mfuko mwembamba, na ukizijua shida hizi utaacha kudhani kila badiliko limetokana na dharau kwa kitabu.

Na Mwajuma? Umemtaja kwa kupita tu, nami nakushangaa, kwa sababu kwangu hapo ndipo filamu inapolipa deni lake. Aliyeigiza ni Siti Amina, ambaye ni msanii wa taarab kweli, si mwigizaji aliyefundishwa kushika ala kwa ajili ya kamera. Kitabuni Mwajuma anaelezwa vizuri, lakini sauti yake inabidi uibuni. Mwanamke wa Ng'ambo anayeishi anavyotaka, anayejulikana na mtaa mzima na asiyemuogopa mtu, hawezi kuelezwa kwa sentensi sawasawa na anavyoweza kusikika. Hapa nampa filamu alama kuliko kitabu, na sioni aibu kulisema hilo mbele ya wanafunzi wangu, ingawa wapo wanaoninunia.

Mdogo wako anakuonea akisema unasahihisha mtihani, lakini hajakosea kabisa. Riwaya ile ilisomeshwa kidato cha tano na cha sita, na wengi wetu tuliijua pamoja na vitini vyake: dhamira, wahusika, migogoro, kila kimoja na mifano yake. Mtu aliyejiandaa kwa mtihani anakihifadhi kitabu kama orodha ya matukio, na kila tukio linalokosekana anahisi kama amenyang'anywa alama. Mimi nimewasahihisha vijana wengi wanaoweza kutaja kila mahali alipokwenda Yasmin na hawawezi kusema alikuwa anataka nini. Kama unaweza, iangalie tena filamu na uyaache matukio. Mtazame Yasmin peke yake, kila anapovuka kizingiti: kutoka kwao, kutoka kwa Raza, kuingia kwa Mwajuma. Angalia kila mara nani ameamua. Ukikuta ni yeye, basi Shivji amemlinda Yasmin wako japo amemhamishia mkutano. Ukikuta kila mara yupo mwanamume anayeushika mlango, andika malalamiko yako na mimi nitayatia saini.

Kuhusu haki, kisheria jambo ni fupi. Kugeuza riwaya kuwa filamu ni haki ya mwenye kitabu, na huwezi kuigusa kazi ya mtu bila ya ruhusa yake. Akisharuhusu, namna ya kuipanga hadithi kwa kawaida ni ya wanaotengeneza, isipokuwa mkataba wao useme vyengine. Msomaji hana sehemu katika mkataba huo. Alicho nacho ni mdomo na kalamu, na wewe umevitumia vizuri. Lakini usiseme "wameigeuza hadithi ya mtu" kana kwamba kitabu kimefutwa. Mario Puzo aliandika "The Godfather" 1969. Filamu ilipotoka 1972 sehemu nzima ya ujana wa Vito, mkuu wa ukoo wa wahalifu katika hadithi ile, iliachwa, na wapenzi wa kitabu walikuwa na haki ya kunung'unika. Mwaka 1974 sehemu ile ile ikatumika katika filamu ya pili, na leo wengi wanaiona ndiyo bora zaidi. Kilichoachwa kwenye filamu moja kinaweza kumsubiri muongozaji mwengine. Yasmin wa Mombasa, mpweke dukani kwa Raza, bado hajapata filamu yake, na ningependa aipate kutoka kwa muongozaji wa kike wa hapa hapa visiwani.

Sasa mdogo wako. Hajaharibikiwa na kitu, mpe kitabu. Kungekuwa na siri ya nani kaua nani ningekuambia amechelewa, lakini riwaya ile haisimami juu ya siri. Inasimama juu ya Kiswahili cha Shafi, mazungumzo yake, ucheshi wake wa polisi na wapelelezi, Inspekta Wright na watu wake wakihangaika na kijana mmoja. Mengi ya hayo hayaingii katika dakika 92. Zaidi ya hapo, yeye ana bahati ambayo wewe huna tena: atafika kwenye kurasa za Denge akiwa ameshamjua, akimsubiri, na atashangaa kwamba hatokei. Atasoma ndoa ya Raza yote akijiuliza "yuko wapi yule kijana?" Kisha atagundua kwamba Yasmin ameondoka na kijana hajaja bado. Akifika hapo muulize yeye, usimuulize mapema, ni Yasmin yupi anayempenda zaidi. Na ninyi wawili mkishindwa kukubaliana, niandikieni tena, ila safari hii barua aandike yeye.